Niandike Kwamba Sikuvuka

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimesimama kando ya Outer Ring Road jijini Nairobi, mbele kidogo ya Donholm, fomu mkononi na kalamu mbili mfukoni. Vijana wangu wawili wa kuhesabu walikuwa wamekwama njiani, kwa hiyo nilianza kazi mwenyewe. Kila anayevuka barabara unamchorea kijiti. Vijiti vinne wima, cha tano unavikata mshazari. Kila baada ya dakika 15 unafungua safu mpya: wanaume, wanawake, watoto wa shule, baiskeli, mikokoteni.

Mama mmoja mzee alisimama hatua tatu kutoka kwangu. Leso kiunoni, viatu vya plastiki, kadi ya kliniki mkononi. Alitoa mguu, akaurudisha. Akangoja. Akautoa tena, lori likapiga honi, akaurudisha. Haya yote niliyaona kwa pembe ya jicho tu, maana macho yangu yalikuwa kwa wale waliokuwa wakikimbia kuvuka.

Baadaye akanisogelea.

"Mnaandika nini, mwanangu?"

"Tunahesabu watu wanaovuka, shosho. Ili barabara itengenezwe vizuri."

"Na mimi umeniandika?"

"Bado, shosho. Ukivuka nitakuandika."

Akatazama barabara, ambapo matatu mbili zilikuwa zikifukuzana kuelekea steji. Akatazama daraja la juu, kule mbali, na ngazi zake. Akainama kidogo, akashika goti.

"Basi niandike kwamba sikuvuka," akasema. Akageuka, akarudi alikotoka na kadi yake.

Nikatafuta mahali pa kumwandika.

Fomu haikuwa na mahali.

## Fomu ni yangu

Ingekuwa fomu ya mtu mwingine ningelala vizuri. Hii niliichora mwenyewe, miaka ya mwanzo ya kazi, usiku mmoja kabla ya zoezi la kuhesabu, na tangu hapo imenakiliwa mara nyingi sana. Nimekutana nayo kwenye ripoti za watu nisiowajua. Mistari ileile, safu zilezile.

Wanaonijua wanajua nilivyoingia kwenye kazi hii. Nilisomea mipango miji nikitaka makutano makubwa ya barabara, yale yanayopigwa picha kutoka angani. Nikapewa fomu na kiti cha plastiki kando ya barabara, nikaambiwa nihesabu miguu. Siku ya tatu nikawa sitaki tena makutano. Nilikuwa nimeanza kuona mambo: kwamba mtu mwenye mzigo kichwani hufuata mstari ulionyooka kuliko wote, hata ukimwekea ua wa chuma; kwamba watoto wa shule huvuka kwa makundi na yule wa mwisho ndiye aliye hatarini; kwamba vijia vyekundu vilivyochongwa na nyayo kwenye nyasi ni ramani tosha, na mkandarasi angezifuata nyayo zile angemaliza nusu ya kazi.

Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipotoa sera yake ya usafiri usiotumia injini, niliisoma kwa pupa kama barua ya kuitwa kazini. Sera ilisema angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Niliamini kilichobaki ni takwimu tu. Tukileta takwimu nzuri, nani atakataa? Zaidi ya asilimia 40 ya safari za jiji hili ni za miguu. Simama Landhies Road alfajiri, au kwenye reli inayotoka Kibera kwenda Industrial Area, na hutahitaji mtu wa kukuelezea.

Kwa hiyo nilihesabu. Mvua, jua, vumbi la Mombasa Road. Nilihesabu miaka mingi nikiamini kila kijiti ni tofali.

Hata leo siamini nilikuwa nikipoteza wakati. Nilipoona Luthuli Avenue ikipunguziwa magari mwaka 2019 na wapita njia wakipanuliwa nafasi, nilitembea pale huku na huku jioni nzima bila kazi yoyote. Na njia za miguu zilipotengenezwa katikati ya jiji, Wabera Street na Kenyatta Avenue, nilimwona mwanamume kwenye kiti cha magurudumu akijisukuma mwenyewe, bila wa kumsaidia, akiongea na simu. Niliposimama kumtazama watu walinigonga mabega. Alikuwa mtu anayekwenda zake, basi.

Lakini yule, kabla ya njia ile kujengwa, angekuwa kwenye safu gani ya fomu yangu?

## Wengi mno, wachache mno

Wiki mbili baada ya yule shosho nilikuwa bado nikiligeuza lile neno lake. Nikiosha vyombo, lipo. Nikiwa kwenye foleni ya benki, lipo. Nikaanza kukumbuka vikao.

Nilikumbuka kikao kimoja ambapo nilionyesha maelfu ya watu wanaotembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu. Jibu lilikuwa: mbona wanapita tu? Wameshazoea.

Nikakumbuka kingine, mwaka huohuo, ambapo nilionyesha idadi ya baiskeli. Jibu: mbona ni chache hivyo? Tutajengea nani?

Wakiwa wengi, hawahitaji kujengewa kwa sababu wanaweza. Wakiwa wachache, hawahitaji kujengewa kwa sababu hawapo.

Niliandika sentensi hizo mbili kwenye karatasi nikaibandika juu ya meza yangu. Nimezitazama siku nyingi. Hakuna namba ningeweza kuileta ambayo ingepita katikati yake. Na mimi nilikuwa nimeijenga kazi yangu yote juu ya kuleta namba.

## Safu ya sifuri

Usiku mmoja nikatoa faili za zamani. Nilitaka kuona safu ya wanawake wenye baiskeli, kwa sababu nilikuwa nakumbuka vibaya, au nilitumaini nakumbuka vibaya.

Sifuri. Sifuri. Moja. Sifuri. Sifuri.

Na chini ya jedwali, sentensi hii: "Matumizi ya baiskeli miongoni mwa wanawake ni madogo, hivyo hayahalalishi njia maalum katika awamu hii." Niliitambua mara moja. Ni ya mkono wangu.

Wakati naandika sentensi ile, baiskeli yangu ilikuwa inaning'inia kwenye balkoni, mtaani Umoja, imefunikwa shuka kuukuu.

Niliinunua mtumba Gikomba, ya kijani, breki za mbele hazishiki vizuri mpaka nilipopata fundi. Nilikuwa nikiipanda kwenda mjini kupitia Jogoo Road. Nilipenda asubuhi zile kupita kiasi. Kuna harufu ya mandazi ukikaribia Makadara, na kuna dakika chache kabla ya msongamano ambapo barabara ni yako. Kisha siku moja matatu iliyokuwa kulia kwangu ilimwona abiria kushoto kwangu. Sikuona hata rangi yake. Niliona mtaro. Wauza viatu wakanitoa, mmoja akaninyooshea usukani kwa goti lake, akakataa pesa. Alama iko kwenye kiwiko mpaka leo.

Niliendelea wiki tatu. Halafu asubuhi moja kulikuwa na mawingu, nikasema leo nitapanda matatu kwa sababu ya mvua. Mvua haikunyesha. Baiskeli haikushuka tena.

Ofisini sikumwambia mtu.

Sasa fikiria siku nilipokaa kwenye kiti changu cha plastiki, nikatazama barabara ileile, nikasubiri mwanamke apite na baiskeli, hakupita, nikaandika sifuri. Nilikuwa nimeketi pale pale. Mwanamke mwenye baiskeli alikuwepo, ameshika kalamu.

Ukitaka kuziona baiskeli za Nairobi, inua macho Umoja au Kayole utazame balkoni. Au ngoja Krismasi. Watu wakishasafiri kwenda mashambani na barabara kupumua, zinashuka. Wasichana wa miaka kumi na miwili, akina baba wenye watoto kwenye bomba la mbele, mabinti wawili wawili. Wanaendesha siku nne, tano. Januari zinarudi juu. Vivyo hivyo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, msafara wa waendesha baiskeli uitwao Critical Mass ukitoka: ndani yake utawakuta watu wasiothubutu kuendesha peke yao siku nyingine yoyote. Watu wale hawakuzaliwa Jumamosi ile.

## Pengo la mita 195

Nilihitaji kumrudia shosho kwa njia ninayoijua, yaani hesabu.

Upande mmoja wa barabara kama ile una njia mbili za magari, kila moja mita 3.5. Jumla mita 7. Sisi wapanga miji hutumia mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde kwa mtu anayevuka, ambao ni mwendo wa mtu mzima asiye na mzigo wala maumivu. Huyo anavuka kwa sekunde zisizofika 6. Shosho mwenye goti bovu, tumpe mita 0.8 kwa sekunde. Anahitaji karibu sekunde 9.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Maana yake yule mama, ili afike ukingo wa katikati akiwa hai, anahitaji barabara iwe tupu mita 195 hivi. Mita 195 bila gari hata moja, katika njia zote mbili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Outer Ring. Halafu apate pengo jingine kama hilo upande wa pili. Magari yakishushwa hadi kilomita 50 kwa saa, pengo linashuka hadi mita 121, na hata dereva akikosea, kugongwa kwa mwendo ule ni tofauti kabisa na kugongwa kwa 80. Kwa 30, wengi huamka.

Na daraja? Daraja lazima lipitishe lori lililojaa, kwa hiyo chini yake huachwa kama mita 5.5. Ongeza unene wa daraja lenyewe, mguu wako unafika mita 6 juu. Kwa vidato vya sentimita 15, hivyo ni vidato 40 kupanda na 40 kushuka. Ukijenga mteremko wa kiti cha magurudumu unaofaa, ambao kila mita moja ya kupanda inataka mita 12 za kwenda mbele, ni mita 72 kupanda, mita 72 kushuka, na bado hujavuka barabara. Gari lenyewe halipandi hata kidato kimoja.

Nimewahi kuchora daraja kama hilo. Nimewahi pia kupendekeza ua wa chuma katikati ya barabara ili watu walazimike kulitumia. Nilikuwa na sababu, na sababu ilikuwa maiti: zaidi ya watu 4,000 hufa kwenye barabara za Kenya kila mwaka miaka hii, na wanaotembea kwa miguu ndio kundi kubwa kuliko yote. Mtu akikuonyesha orodha ya waliokufa mahali pamoja, utapendekeza ua. Ningeweza kupendekeza tena kesho. Lakini sasa najua kwamba ua ule uliwazuia watu wa aina mbili, wale waliokuwa wafe na wale waliokuwa waende kliniki, nami niliripoti kundi moja tu. Niliandika kwamba wavukaji wasiotumia daraja wamepungua. Sikuuliza walikokwenda.

## Alichosema mhandisi

Nilimpelekea jambo hili mhandisi mmoja niliyefanya naye kazi miaka mingi. Ni mtu ninayemheshimu. Ndiye aliyenifundisha kusoma mchoro wa mtaro kabla ya kusoma mchoro wa barabara, kwa sababu mvua ikinyesha mtaro ndio barabara. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa.

"Dada yangu, hamu ya mtu haipimiki," akasema. "Ukiuliza watu mia moja kama wangependa kivuko, wote mia watakwambia ndiyo. Ukiwauliza kama wangependa ziwa, pia ndiyo. Kijiti chako kina faida moja: mtu mwingine akisimama pale kesho atapata kijiti kilekile."

Nilitoka pale nikiwa nimeshindwa. Kwa siku kadhaa niliona yuko sahihi, na kwamba nilikuwa nimeguswa na mama mzee tu, jambo ambalo ni la kibinadamu lakini haliingii kwenye michoro.

Kisha nikagundua shosho hakuniambia angependa nini.

Aliniambia alichofanya. Alikuja mpaka ukingoni na kadi ya kliniki, akarudi. Hilo ni tendo. Lina saa, lina mahali, lina sababu. Mtu mwingine angesimama pale angeliona kama nilivyoliona, ila tu angekuwa ametumwa kulitazama.

## Jumamosi kwenye ploti

Kwa hiyo nilianza kwenda mtaa wa Tassia, kando ya barabara ile, siku za Jumamosi, na mmoja wa vijana wa kuhesabu aliyekubali kwa nauli na chakula cha mchana. Tulichagua ploti moja ya ghorofa nyingi, tukaomba ruhusa kwa mlinzi na kwa mama anayesimamia nyumba, tukabisha mlango kwa mlango. Swali lilikuwa moja. Hatukuuliza "ungependa?" Tuliuliza: "Ni wapi ulikuwa ukienda ng'ambo ya barabara, ukaacha?"

Nilidhani watu wangefikiri kwanza. Hawakufikiri. Jibu lilikuwa limekaa mdomoni.

Mama anayeuza maharage ya kuchemsha aliacha kupeleka mtungi ng'ambo kwa wafanyakazi wa ujenzi, waliokuwa wateja wake bora, baada ya kumwaga wote akikimbia. Kijana wa darasa la nane aliacha tuisheni ya hesabu kwa sababu inaisha saa moja jioni na mama yake hataki apite darajani giza likiingia. Wanawake wengi walitaja giza la daraja kabla ya ngazi zake. Niliandika hilo nikijua nami silipandi usiku. Fundi wa kuchomelea aliuza baiskeli. Alinieleza kwa utulivu kabisa jinsi njia ya baiskeli inavyokwenda vizuri mpaka unapofika kwenye makutano, mahali unapoihitaji kuliko kote, ndipo inapokatika na kukutema kati ya matatu zinazopakia. "Ni kama mtu akushike mkono mpaka mtoni," alisema, "halafu akuachie."

Lililonikaa zaidi ni la msichana mmoja wa saluni. Yeye huvuka. Humlipa mtu wa bodaboda shilingi 50 ampeleke hadi mahali pa kugeuzia, wageuke, wamrudishe upande wa pili, mbele ya mlango anaouona kutoka dirishani kwake. Shilingi 50 asubuhi, 50 jioni. Anaiita nauli ya barabara. Kwenye hesabu zetu yeye ni abiria wa pikipiki, ushahidi kwamba pikipiki zinaongezeka na zinahitaji nafasi zaidi.

Nilikaa kitandani kwake, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja na alisisitiza kijana wangu akikalie, nikatazama ule mlango wa saluni kupitia dirishani. Ningeweza kusoma bei ya kusuka.

## Safu mpya

Fomu mpya ina safu iitwayo "hakuvuka." Anayeihesabu hafanyi kazi nyingine, anatazama ukingo tu, wala si barabara. Mtu akifika, akasubiri, akageuka, anaandikwa: saa, umri wa kukadiria, mzigo, dakika alizosubiri. Tumeijaribu sehemu tatu. Ina kasoro. Wengine wanaosimama ukingoni wanangoja matatu, na tumewachanganya mara nyingi mpaka tulipojifunza kutazama macho yao: anayengoja matatu hutazama upande zinakotoka, anayetaka kuvuka hutazama pande zote mbili. Mhandisi wangu ameiona. Amesema hajaridhika na jinsi tunavyokadiria umri, kisha akaomba nakala.

Sijui kama itaingia kwenye mchoro wowote. Najua nani amenifanya niichore, kwa hiyo Jumanne iliyopita nilirudi palepale, saa ileile.

Alikuja saa moja kasorobo. Leso nyingine, kadi ileile. Alinitambua kabla sijamsalimia.

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Leo pia unahesabu?"

Nikamwonyesha karatasi. Aliishika mbali na macho, akapeleka kidole juu ya vichwa vya safu, polepole, wanaume, wanawake, watoto, mpaka kikafika ukingoni mwa ukurasa, kikasimama pale. Akasoma kwa sauti ndogo. Akanirudishia.

"Ongeza na jirani yangu," akasema. "Mlango wa kijani, ghorofa ya pili. Mimi angalau nafika hapa."

Nikauliza jina la ploti. Akaanza kunielekeza, mkono wake umenyooka kuelekea nyuma, mbali na barabara, nami nikageuza ukurasa kwa sababu huo ulikuwa umejaa.